Mashine ya Bi Mize Iliyokataa Diski Tupu

Nimestaafu nikiwa na miaka kumi na saba. Najua mtacheka, na mimi mwenyewe nimecheka, lakini sijapata neno jingine. Kazi niliyoifanya tangu niko kidato cha pili, kila siku baada ya skuli na kutwa nzima wakati wa likizo, imekwisha. Kazi yenyewe ilikuwa kuchoma diski za harusi, yaani kutia video za harusi kwenye diski. Wiki iliyopita Bi Mize kaleta kompyuta mpya, nyembamba kama sahani, nami nikaizungusha pande zote nne kutafuta tundu la kutilia diski. Sikuliona. Nikamuuliza. Akasema, "Mwanangu, siku hizi harusi zinatiwa kwenye simu." Basi hapo hapo nikawa mstaafu.

Nawaandikia nyinyi wawili, Zuhura na Raya, mtakaokikalia kiti changu na kuchapa barua za watu. Ningeweza kuwaambia kwa mdomo, maana ni ndugu zangu na tunalala chumba kimoja, lakini mnanijua. Kwa mdomo nitasema "mambo ni hivyo hivyo tu" halafu nitajifunika shuka. Kwenye daftari nasema kweli. Vyeo navipita kwa sababu sikupata. Mshahara naupita pia, kwa heshima ya Bi Mize.

Duka mnalijua, lipo Wete, linatazamana na kibanda cha Fundi Kombo wa redio. Niliingia pale kwa sababu ya haya zangu. Bi Mize alimwendea mama akamwambia, "Nataka mtoto wa kike asiye na maneno." Mama akajibu bila kufikiri, "Ninaye mmoja, maneno hana kabisa." Sababu ni hii: siku ya wanawake kwenye harusi, watu huvua mabaibui, wakasuka nywele, wakatia vikuba vya maua, wakacheza mpaka wanasahau umri wao. Mkanda wa video wa siku hiyo hauonwi na mwanamme yeyote. Basi anayeuhamisha kwenye diski lazima awe mwanamke, na lazima akitoka pale asiende kusimulia kuwa kamwona mwalimu wake wa hesabu akikata kiuno. Mimi nilimwona. Hii ndiyo mara ya kwanza naitaja. Haya zilizoandikwa kwenye ripoti yangu ya skuli kama ugonjwa, hapa zilikuwa cheti.

Siku ya kwanza Bi Mize alinifundisha kushika diski kwa kingo zake, kama mtu anavyoshika chapati ya moto. Alinifundisha kuandika jina la bi harusi juu yake kwa kalamu laini. Hakunifundisha kuangalia jina hilo mara mbili. Siku hiyo hiyo nikatia harusi ya Mtambwe kwenye jalada la harusi ya Konde, na ya Konde kwenye jalada la Mtambwe. Familia zote mbili zilitazama mpaka mwisho kabla ya kurudi kulalamika. Mama mmoja wa Konde alisema hana ugomvi, anataka kujua tu nani aliyewapikia wale biriani.

Vifaa vyangu vilikuwa vichache. Chupa ya spiriti. Vijiti vya pamba vya masikio. Kitambaa cha miwani. Na pini ya mtandio, ambayo ndiyo kifaa bora kuliko vyote. Draivu ya diski ikigoma kufunguka, angalieni usoni pake, pana kitundu kidogo kama cha sindano. Zimeni mashine, tieni pini, sukumeni taratibu, mlango utatoka wenyewe. Mafundi wa kiume hutafuta waya nusu saa. Sisi pini tunaivaa.

Mwalimu wangu alikuwa Fundi Kombo. Yeye ni mtu wa redio tangu zile za mbao, lakini kompyuta aliijua kwa kuifungua, si kwa kusomea. Aliniita Bi Kimya. Kila nikimwuliza kitu alitia mkono sikioni. "Sema kwa sauti, yakhe! Redio ikiwa chini nazungusha kifundo, weye sijaona pa kuzungusha."

Sasa nifike kwenye udi, maana bila udi hamtaielewa kesi ngumu.

Bi Mize hafungui duka bila kufukiza. Anawasha mkaa kwenye chetezo, anatia udi wake wa kuchanganya mwenyewe, wenye sukari na marashi na siri ambayo hata binti yake hajaambiwa, anasoma dua yake, duka linanukia mpaka barabarani. Watu waliingia kupiga fotokopi ya kitambulisho wakakaa nusu saa kwa ajili ya harufu tu. Na katika kufukiza huko, Bi Mize aligundua jambo. Alikuwa kaweka chetezo chini ya meza, mbele ya kasha la kompyuta, kwa bahati tu. Akaona moshi unaingia mbele ya kasha, unapita ndani, unatokea nyuma umekwisha kutawanyika vizuri, unafika kila pembe. Ni feni iliyokuwa ikiuvuta. Bi Mize akapiga makofi. "Tazama! Mashine hii inafukiza kuliko mtu!" Tangu siku ile pahala pa chetezo pakawa pale. Kwa muda wa mwaka mzima kompyuta yetu ilikuwa na kazi mbili, na ya kuchoma diski ilikuwa ndogo.

Siku ya Jumatatu moja, likizo ya Disemba, akaingia Shaame wa Kojani. Ni mtu mkubwa, mpole, anavua viatu hata panapokanyagwa na viatu. Binti yake alikuwa kaolewa Wete wiki iliyotangulia, na mkanda tulikuwa nao.

"Hodi, Bi Mize. Asalamu alaikum."

"Waalaikumu salamu, Shaame. Bi harusi hajambo?"

"Hajambo, alhamdulillahi. Lakini bibi yake ndiye ana jambo. Mama yangu, Bi Tatu, ndiye kamlea nntoto yule tangu ananyonya. Siku ya harusi miguu ikankatalia. Angevuka maji na nani? Kabaki Kojani peke yake na paka."

"Maskini."

"Si maskini, kakasirika. Kasema, 'Harusi nisiyoiona mie siijui. Huyo mtoto akija kuniaga ntamuuliza yeye nani.' Na Jumamosi mtoto anakwenda kumuaga, kisha anahamia Unguja kwa mumewe."

Bi Mize akamwambia tutamtilia harusi kwenye simu.

"Simu haioni. Kwenye tivii anaona, akisogea. Na deki yake ni ya zamani, inakula diski tu. Mie n'shamwambia Ijumaa nnaleta. Mama yangu akiambiwa Ijumaa, ni Ijumaa."

Nilichukua diski tupu, nikaitia. Taa ikamemeta. Ndani ikalia kr-kr-kr, mara tatu, kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. Kisha kwenye kioo kikatokea kisanduku: tafadhali weka diski. Diski ipo tumboni mwako, unaniambia niweke diski!

Niliitoa nikaitia tena. Nikazima mashine nikaiwasha. Nikajaribu diski ya pakiti nyingine, maana zipo diski ambazo draivu haziafikiani nazo, kama mawifi. Nikaangalia kama nimekosea aina, zile za alama ya kujumlisha na zile za kutoa. Nikatia diski ya kaswida iliyotengenezwa kiwandani, ikaimba vizuri tangu mwanzo mpaka mwisho. Andikeni hili: draivu inayosoma diski iliyojaa na haiioni iliyo tupu, haijafa. Msiizike.

Siku ya pili nikaifuta draivu kwenye orodha ya vifaa vya kompyuta ili mashine ikiwaka iitambue upya. Iliitambua upya. Diski tupu haikuitambua. Diski nilizoharibu kwa kujaribu, zile zilizokwaruzika kwa kutiwa na kutolewa, Bi Mize alizikusanya kumpelekea dada yake Mgogoni, anayezitundika shambani kutisha ndege wa mpunga. Dada baadaye alipiga simu kushukuru, akauliza kama kuna nyingine.

"Hili ni jicho," akasema Bi Mize. "Watu wanaingia humu wanasifu harufu bila kusema mashaallah." Akaongeza udi.

Mchana nikavuka barabara kumwita Fundi Kombo. Akaja na bisibisi yake, akafika mlangoni akasimama kama gari lililovutwa breki ya mkono.

"Mkanda wa wanawake umo humo?"

Nikaitikia kwa kichwa kuwa umo.

"Basi mie siangalii kioo."

Bi Mize akasema tutakifunika kwa kanga. Fundi Kombo akasema kanga inaweza kuanguka, na yeye kesho ana waume wa watu wa kuwatazama usoni. Basi akakaa chini, mgongo kwenye kioo, uso ukutani, kasha la kompyuta mapajani mwake, waya zimevutwa mpaka zinalia. Mimi nikakaa mbele ya kioo kumwambia kinachotokea. Fikirieni. Mtu anayeangalia kioo ni yule asiye na sauti.

"Imesemaje?"

"Imesema weka diski," nikasema.

"Imesemaje?"

"Weka diski."

"Niweke nini?"

"Kasema DISKI, we Kombo!" akapiga ukelele Bi Mize kutoka kwenye fotokopi, na mteja aliyekuwa akikopi cheti cha kuzaliwa akaruka.

Fundi akakaza kebo, ikawa vile vile. Akabadilisha kebo, ikawa vile vile. Mwisho akaizima, akaifungua draivu yenyewe, akazitoa skrubu zake ndogo nne, akanionesha. Mle ndani kuna kijicho, kidogo kuliko punje ya mtama, cha kioo cha buluu. Ndicho kinachoisoma diski. "Hebu tia spiriti kwenye pamba, ukipanguse. Nkono wako mwepesi. Usikibonyeze, ni kama jicho la nntoto."

Nikapangusa. Pamba ikatoka ya kahawia.

Fundi Kombo akaichukua, akaisogeza kwenye taa, kisha puani. Akanitazama. Akamtazama Bi Mize aliyekuwa na mteja wake. Akanitazama tena. Tukairudisha draivu, nikatia diski tupu. Kr. Mara moja tu. Kisanduku kikasema: diski tupu, unataka kufanya nini?

"Imesemaje?"

"Imeiona!"

"Imesemaje?"

Jioni ilikuwa imekaribia, na mkanda wa saa mbili unataka muda wake, tukasema kesho asubuhi tunachoma. Bi Mize akafurahi. Na Bi Mize akifurahi hufanya nini? Hushukuru. Na hushukuru kwa nini? Aliwasha chetezo kikubwa, kile cha sikukuu, akatia udi mara mbili, akakiweka pale pale mbele ya feni, duka likajaa moshi mpaka sikuiona fotokopi.

Jumatano asubuhi: kr-kr-kr. Weka diski.

Nilimkimbilia Fundi Kombo nikamkuta anakunywa chai. Safari hii hata yeye alinisikia. Akaniambia, "Kijicho kile kimezeeka, kama mtu mwenye mtoto wa jicho. Ukuta anauona, uzi haoni. Diski iliyojaa ni ukuta, tupu ni uzi. Moshi kidogo tu, uzi umepotea. Na moshi wa udi si wa kuni, una mafuta, unaganda."

"Mwambie basi Bi Mize," nikasema.

Akakitazama kikombe chake. "Chai hii kaileta nani?"

"Bi Mize."

"Na mkate huu wa kumimina?"

"Bi Mize."

"Mie jirani tu. Weye ni kama mwanawe. Kamwambie weye."

Huyo ndiye mwalimu wangu. Namheshimu, lakini siku ile niliuona woga wake.

Nikarudi dukani na maneno yamepangwa. Nilitaka kusema, "Bi Mize, udi wako ndio unaoharibu mashine." Nilifungua mdomo, nikasema, "Bi Mize, shikamoo." Nilikuwa nimekwisha kumwamkia asubuhi. Akanijibu, akanitazama vibaya. Nikangoja. Mara ya pili nikasema, "Bi Mize, feni." Akasema, "Ndiyo, joto," akaiwasha ya ukutani. Mara ya tatu sikusema kitu, nilisimama tu karibu yake mpaka akanipa kipande cha mkate akidhani nina njaa. Nikakila.

Hamwezi kujua uzito wake kama hamjajaribu. Yule ni mtu mzima kuliko mama yangu. Udi ule ni wa marehemu mama yake, kafundishwa naye. Anausomea dua. Nami ni mtoto wa kidato cha tatu, nimwambie kuwa baraka yake ndiyo uchafu wenyewe? Nilikwenda nyumbani nikaandika kwenye daftari: "Bi Tatu atamuuliza mjukuu wake yeye nani, kwa sababu mimi sina mdomo." Nililia kidogo. Raya, ndiyo ile siku uliyouliza kama nimekatwa na kisu nikasema vitunguu.

Alkhamisi asubuhi Bi Mize akafungua duka, akawasha mkaa. Kabla hajatia udi nikapiga magoti chini ya meza, nikaichomoa draivu, nikazifungua skrubu zake nne, nikatia spiriti kwenye kijiti cha pamba, nikapangusa kile kijicho. Nikasimama mbele yake, nikamnyooshea kile kijiti. Nilikuwa na neno moja tu, nikalitoa.

"Nusa."

Bi Mize akanusa. Akanusa tena, macho kafumba. Nilikuwa najitayarisha kurudi nyumbani moja kwa moja.

"Udi wangu," akasema.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Umefika mpaka ndani kabisa?"

Nikaitikia tena.

"Na bado unanukia!" Akakitazama kile kijiti kama mtu aliyeoneshwa matokeo mazuri ya mtihani. "Mwaka mzima, na bado unanukia. Huo wanaouza mjini, kesho yake unanuka sigara." Kisha uso ukabadilika taratibu. Akautazama mkaa, akaitazama feni, akanitazama mimi. "Tangu jana ulikuwa unataka kuniambia hili?"

"Ndiyo."

"Na Kombo alijua?"

Hapo nikaitazama sakafu, haya zangu zikajibu. Siku ile chai haikuvuka barabara.

Bi Mize akakibeba chetezo chake mwenyewe, akakiweka mlangoni, nje ya kizingiti. Hakunikaripia wala hakuniomba radhi, na sikutaka kimoja wala kingine. Nikairudisha draivu, nikatia diski tupu. Kr, mara moja. Nikachoma diski tatu, moja ya Bi Tatu, moja ya bi harusi, moja ya akiba kwa sababu mimi ni mwoga. Nilizitazama zote mpaka mwisho, na majina nikayasoma mara mbili. Bi Mize akazifunga kwenye kipande cha kanga, na kabla ya kukifunga kanga ile akaipitisha juu ya chetezo mara saba. Nilitaka kumzuia. Diski haidhuriki kwa moshi wa nje, nikamwacha.

Shaame alikuja Ijumaa asubuhi, akavua viatu, akachukua, akaondoka.

Nilingoja habari mpaka Jumatatu. Nakiri nilikuwa nataka kusifiwa. Nilikuwa nimepanga hata nitakavyosema, "Ah, si kitu."

Shaame akaja amebeba pweza mkavu wa zawadi. "Bi Mize, mama anakusalimu sana. Alipofungua ile kanga tu, deki hata haijawashwa, kaiweka usoni, kalia. Kasema, 'Harufu hii ni ya ndani kwa bi harusi. Sasa ndiyo nimefika.' Mtoto kaja Jumamosi kamkumbatia, kamuombea dua, kampa mkufu wake."

"Na picha?" nikauliza. Nilisema mimi, kwa mdomo.

"Picha? Kaitazama. Kasema wanawake wa Wete wanacheza vibaya."

Diski haikutajwa. Kijicho hakikutajwa. Siku nne za kr-kr-kr hazikutajwa. Bi Mize akanigeukia na uso wa mtu aliyeshinda kesi. "Umesikia, mwanangu? Udi!" Akasimama, akaenda mlangoni, akakiinua chetezo kwa mikono miwili, akaja nacho moja kwa moja mpaka kwenye meza, akainama.

"BI MIZE, HAPO HAPANA!"

Sijui ilitoka wapi. Shaame alishika viatu vyake. Mtu aliyepita na baiskeli aliteremka. Kutoka ng'ambo ya barabara, kwenye kibanda cha redio, nikamsikia Fundi Kombo:

"Bi Kimya, yakhe! Punguza volyumu!"

Chetezo kilirudi mlangoni, na kipo mlangoni mpaka leo. Sasa nawaambieni, Zuhura na Raya. Ile kompyuta mpya haina tundu la diski, lakini ubavuni ina feni, ndogo, inavuta vizuri. Nimemwona Bi Mize akiiangalia.